Mwongozo Kamili wa Kuunganisha Flashi na Diski za Nje kwenye Simu kwa Ajili ya Nakala Rudufu na Kuhamisha Faili

Simu inapojaa, wengi hukimbilia kufuta: kwanza video za zamani, kisha picha zinazofanana, mwishowe programu ambazo baada ya wiki chache zitapakuliwa upya. Ipo njia nyingine isiyohitaji intaneti, isiyo na malipo ya kila mwezi na isiyolazimu mtu kuwa na kompyuta, nayo ni kuchomeka flashi au diski ya nje moja kwa moja kwenye simu. Uwezo huo ulianza kuingia katika Android kupitia toleo la 3.1 la mwaka 2011, na katika iPhone na iPad kupitia iOS 13 na iPadOS 13 za mwaka 2019, ingawa kuwapo kwake hakumaanishi kwamba kila simu itasoma kila flashi. Mwongozo huu unaeleza namna ya kuchagua vifaa, kuviandaa, kunakili na kukagua, na msimamo wake tangu mwanzo ni mmoja: faili haifutwi kwenye simu mpaka nakala yake ifunguliwe kutoka kwenye flashi yenyewe na ionekane kuwa nzima.

Je, simu yako inaweza?

Katika muunganisho wowote wa USB kuna upande unaotoa umeme na amri, na upande unaopokea. Simu ikichomekwa kwenye kompyuta, kompyuta ndiyo mwenyeji. Ikichomekwa flashi, simu yenyewe hulazimika kushika nafasi hiyo. Utaratibu unaoruhusu simu kubadili nafasi huitwa OTG, na kanuni zake za kwanza zilitolewa mwaka 2001.

Kwenye simu zenye tundu la micro-USB, mabadiliko hayo huamuliwa na pini moja. Kati ya pini tano za plagi hiyo, ile ya nne huachwa wazi katika kebo ya kawaida, ilhali katika kebo ya OTG imeunganishwa na waya hasi. Simu ikigundua hivyo, hujua kwamba ni zamu yake kutoa umeme. Ndiyo maana kebo inayoingia vizuri tunduni, lakini isiyo ya OTG, haitafanya lolote hata ukiichomeka mara kumi. Kwenye simu zenye USB-C mambo ni mepesi zaidi: flashi yenye plagi ya USB-C huingia moja kwa moja, na flashi ya plagi pana ya zamani huhitaji adapta ndogo tu.

Baadhi ya watengenezaji wa simu za Android, wakiwamo OnePlus na Oppo, wameweka swichi ya OTG ndani ya Mipangilio, na swichi hiyo hujizima yenyewe baada ya takriban dakika 10 bila matumizi. Mtu anayeona flashi yake ikisomwa leo na kukataliwa kesho aanze kuangalia hapo kabla ya kulaumu flashi. Jaribio rahisi la kutenganisha tatizo la simu na tatizo la flashi ni kuchomeka kipanya cha kompyuta kwa adapta ileile: mshale ukitokea kwenye skrini ya Android, simu na adapta ni nzima, na kasoro huenda imo katika flashi.

Kwa upande wa Apple, iPhone zenye tundu la Lightning huhitaji adapta, na inayofaa zaidi ni ile yenye tundu la pili la kupitishia chaji, kwa sababu simu hizo hutoa umeme kidogo sana kwa vifaa vya nje. Kuanzia iPhone 15 ya mwaka 2023, tundu ni USB-C. Hata hivyo iPhone 15 na 15 Plus zinasafirisha data kwa kasi ya USB 2, yaani megabiti 480 kwa sekunde, ilhali 15 Pro na 15 Pro Max hufikia gigabiti 10, na kwa sharti kwamba kebo iwe ya kasi hiyo. Kebo inayokuja ndani ya boksi ni ya USB 2.

Flashi, diski ya kuzunguka au SSD

Uamuzi huu unahusu umeme kuliko unavyohusu ukubwa. Tundu la USB 2.0 limepangiwa kutoa miliampia 500, na la USB 3.0 miliampia 900, kwa volti 5. Simu inayoendeshwa na betri yake yenyewe si lazima ifike huko. Flashi hutumia sehemu ndogo ya umeme huo. SSD ya kubebeka, yaani diski isiyo na sehemu inayozunguka, hutumia zaidi, na simu nyingi za sasa zenye USB-C huimudu. Diski yenye sahani inayozunguka ndiyo ngumu, maana wakati wa kuanza kuzunguka huweza kuhitaji umeme mara mbili ya ule inaotumia ikiwa imetulia. Ukisikia diski ikigonga tik, ikinyamaza, kisha ikigonga tena, huku simu ikionyesha na kuondoa arifa ya kifaa cha USB, hiyo ni diski inayokosa nguvu ya kuzunguka. Ichomoe mara moja, kwa kuwa kuiacha ijaribu tena na tena kunaiumiza. Dawa yake ni hab ya USB (kifaa kinachogawa tundu moja kuwa kadhaa) yenye chaja yake: hab huchomekwa kwenye simu, diski kwenye hab, na umeme hutoka ukutani.

Kwa nakala za kawaida za picha na nyaraka, flashi nzuri ya GB 64 au 128 inatosha. Kwa mtu anayerekodi video kila siku, SSD ni chaguo la busara, kwa kuwa flashi nyingi za bei ya chini huandika megabaiti 10 tu kwa sekunde, au hata chini ya hapo zikishapata joto. Kwa kasi hiyo, GB 64 huchukua karibu saa moja na dakika 47. Kwa kasi ya megabaiti 30 kwa sekunde, kazi ileile huisha kwa dakika 36 hivi.

Jihadhari na flashi bandia. Hizi huwekewa programu ya ndani inayodanganya ukubwa: flashi yenye nafasi halisi ya GB 8 hujitambulisha kuwa na GB 256. Faili zinazozidi nafasi halisi hupotea au huandikwa juu ya nyingine, lakini majina yake na ukubwa wake vinaendelea kuonekana, kwa kuwa orodha ya majina huhifadhiwa mahali pake, mbali na yaliyomo. Mwenye simu huona folda iliyojaa, akafuta picha zake kwa amani, na siku ya kuzitafuta hukuta mistatili ya kijivu. Ukiweza kupata kompyuta, jaribu flashi mpya kwa programu kama H2testw au F3, ambazo huijaza yote kisha husoma kila kilichoandikwa. Usishangae, hata hivyo, flashi halali ya GB 64 ikionyesha 59 na ushei: mtengenezaji huhesabu kwa elfu, baadhi ya mifumo huhesabu kwa 1024.

Fomati, chanzo cha matatizo mengi

Fomati ni utaratibu ambao flashi hutumia kupanga faili, na simu isiyoijua fomati hiyo huiona flashi kama kitu kilichoharibika. Zinazokutwa sana ni tatu.

FAT32 husomwa karibu kila mahali, lakini haipokei faili moja inayofikia GB 4. Kikomo hiki kinahusu faili moja, si flashi nzima, na ndicho kinachowachanganya watu. Chukua video ya 4K ya nusu saa iliyorekodiwa na iPhone kwa picha 30 kwa sekunde: kwa fomati ya video yenye mbano wa juu, kila dakika huchukua takriban MB 170, hivyo faili nzima inazidi GB 5. Ukiinakili kwenye flashi ya FAT32 yenye GB 50 tupu, kazi itakataliwa au itakatika katikati, wakati mwingine kwa ujumbe usemao kwamba nafasi haitoshi. Nafasi ipo, fomati ndiyo iliyokataa.

exFAT, iliyoletwa na Microsoft mwaka 2006, haina kikomo hicho kwa matumizi ya kawaida, na husomwa na iPhone, kompyuta za Windows na Mac, na simu nyingi za Android za miaka ya karibuni. Hii ndiyo ninayoipendekeza kwa yeyote ambaye simu yake inaikubali. Udhaifu wake ni kwamba haitunzi kumbukumbu ya shughuli inayoendelea, kwa hiyo kuichomoa flashi katikati ya kuandika kunaweza kuvuruga mpangilio wa folda nzima. NTFS ni fomati ya kawaida ya diski za Windows, na simu nyingi za Android haziikubali. Diski yenye fomati hiyo ni bora ifomatiwe upya kuwa exFAT baada ya yaliyomo kuhamishiwa kwingine.

Hapa pana onyo linalostahili kusomwa mara mbili. Simu ya Android ikikuta fomati isiyoijua hutoa arifa kwamba kifaa kina hitilafu, na chini yake huweka kitufe cha kukifomati. Mtu mwenye haraka hubonyeza akidhani anatengeneza. Kufomati ni kufuta. Ikiwa ndani ya flashi kuna kitu chochote cha thamani, funga arifa hiyo, toa flashi, na uichunguze kwenye kompyuta kwanza.

Ikiwa flashi ni mpya na tupu, fomati kwenye simu yenyewe kupitia Mipangilio, sehemu ya Hifadhi. Tangu Android 6.0 baadhi ya simu huuliza kama kifaa kitumike kama hifadhi ya kubebeka au kama nyongeza ya hifadhi ya ndani. Chagua ya kubebeka, kwa sababu hifadhi iliyounganishwa na ya ndani husimbwa (hufungwa kwa msimbo wa siri) kwa namna ambayo hakuna simu wala kompyuta nyingine itakayoisoma. Kwa iPhone na iPad, kifaa kiwe na kigawanyo kimoja tu cha data, yaani kisigawanywe katika sehemu kadhaa, kwa fomati ya exFAT, FAT32, ile mpya ya Mac iitwayo APFS, au ile ya zamani ya Mac. Kuanzia iOS 18, programu ya Files yenyewe inaweza kufomati.

Kunakili kutoka Android

Anza ukiwa na chaji isiyopungua nusu, kwa kuwa simu sasa inalisha vifaa viwili. Chomeka flashi, subiri arifa itokee, kisha fungua programu ya faili iliyomo kwenye simu, au Files ya Google. Kwenye flashi tengeneza folda yenye tarehe, ukianza na mwaka, kwa mfano 2025-03-14, ili folda za baadaye zijipange zenyewe kwa mfuatano wa wakati.

Rudi kwenye hifadhi ya ndani. Picha na video za kamera zimo katika folda ya DCIM. Picha za skrini huwa ndani ya Pictures au DCIM kutegemea simu. Vilivyopakuliwa vimo Download, na nyaraka Documents. Faili za WhatsApp zimejificha zaidi: fungua Android, kisha media, kisha com.whatsapp, na ndani yake utaona folda iitwayo WhatsApp. Inakili nzima, kwa maana humo hamna picha na sauti tu, bali pia folda ya Databases yenye faili ambazo majina yake huanza na msgstore. Faili hizo ndizo mazungumzo yenyewe, yakiwa yamesimbwa. Siku ya kuhamia simu mpya, folda hiyo hurudishwa mahali palepale kabla ya kuthibitisha namba, na namba iwe ileile.

Namba za watu hazimo katika folda yoyote ya kawaida. Fungua programu ya anwani, tafuta chaguo la kuhamisha nje, na uhifadhi faili ya vcf (faili moja yenye majina na namba zote) kwenye flashi. Ujumbe mfupi nao umo ndani ya hifadhidata ya simu na huhitaji programu maalumu ya kuutoa. Folda ya Android/data, ambayo programu nyingi huweka mambo yake, imefungiwa tangu Android 11, hivyo usitegemee kuinakili.

Unapochagua faili, simu itakupa njia mbili: kunakili na kuhamisha. Chagua kunakili daima. Kuhamisha hufuta asili papo hapo baada ya kuandika, bila mtu kupata nafasi ya kukagua, na kebo ikilegea katikati ya kazi huenda faili nyingine zikakosekana pande zote mbili. Wakati kazi inaendelea, weka simu juu ya meza, usiisogeze, na uiache skrini iwake ikiwezekana, kwani simu zenye ubanaji mkali wa betri husimamisha kazi skrini ikizima.

Folda yenye maelfu ya faili ndogo, kama noti za sauti za WhatsApp, hunakiliwa polepole kuliko video moja ya ukubwa uleule, kwa sababu kila faili huandikwa na kusajiliwa peke yake. Kuifunga folda hiyo kuwa faili moja ya zip kabla ya kunakili huokoa muda mwingi. Tena, WhatsApp huondoa taarifa za tarehe ndani ya picha inazotuma. Tarehe hubaki kwenye jina tu, mfano IMG-20240512-WA0003. Kwa hiyo usibadilishe majina ya picha hizo.

Kunakili kutoka iPhone na iPad

Fungua simu kwa nywila kabla ya kuchomeka, maana iPhone iliyofungwa kwa muda mrefu haikubali vifaa vya USB. Flashi itaonekana ndani ya Files, kwenye orodha ya mahali pa kuhifadhi.

Kabla ya kunakili picha, angalia mipangilio ya iCloud. Ikiwa umewasha chaguo la kubana nafasi ya simu, picha asili zimo kwenye seva, na kilichomo kwenye simu ni nakala ndogo. Kuzitoa kutahitaji intaneti na nafasi ya kupakua kila moja. Kisha fungua Photos, chagua picha, bonyeza alama ya kushiriki, na uchague ama kuhifadhi kwenye Files au kutoa asili isiyobadilishwa. Napendelea hiyo ya pili, kwa kuwa hutoa faili kama kamera ilivyoirekodi, pamoja na tarehe na mahali. Nenda kwa mafungu ya picha mia chache. Fungu kubwa mno likikwama, ni vigumu kujua lilikwama wapi. Picha za HEIC, ambazo iPhone hutumia tangu iOS 11, huenda zisifunguke kwenye kompyuta za zamani, lakini hilo si kosa la kunakili.

Files haina kitufe cha kutoa flashi kwa usalama. Subiri alama ya maendeleo iishe, kaa kidogo zaidi, ndipo uchomoe. Fahamu pia kwamba nakala kamili ya iPhone, yenye programu na mipangilio yake, haitengenezwi moja kwa moja kwenye flashi; hiyo hufanywa kwa kompyuta au iCloud.

Ukaguzi

Baada ya kunakili, kwenye Android bonyeza kitufe cha kuondoa katika arifa, subiri ujumbe kwamba ni salama, kisha chomoa. Usikague kabla ya hapo, kwa sababu simu inaweza kukuonyesha picha kutoka kwenye kumbukumbu yake ya muda huku flashi ikiwa haijaipokea. Chomeka tena, na sasa linganisha idadi ya faili na ukubwa wa folda pande zote mbili. Idadi zikilingana, bado hujamaliza: fungua picha ya kwanza, chache za katikati na ya mwisho, kisha cheza video ndefu kuliko zote, ukiruka hadi dakika yake ya mwisho. Video iliyokatika mara nyingi haifunguki kabisa, na flashi bandia hujifichua kwenye faili za mwisho. Ukiweza, fungua kwenye simu au kompyuta nyingine, kwa kuwa hapo ndipo utajua kama fomati inasomeka kwingine.

Nakala moja kwenye flashi moja ni mwanzo tu. Flashi ni ndogo, hupotea mifukoni, na chaji za umeme zinazobeba data ndani yake hufifia ikikaa miaka mingi bila kuwashwa. Weka picha zisizorudishika kwenye vifaa viwili tofauti, kimoja kikae nje ya nyumba, na kila kimoja kichomekwe na kukaguliwa angalau mara moja kwa mwaka. Kwa nyaraka nyeti, kama nakala za vitambulisho au taarifa za benki, zifunge ndani ya faili ya zip yenye nywila na usimbaji wa AES (njia imara ya kufunga data kwa msimbo), maana flashi ya kawaida humfungukia yeyote aiokotaye. Nayo flashi uliyoiokota wewe usiichomeke popote.

Kufuta

Hii ndiyo hatua ya mwisho, na ina mtego wake. Ikiwa simu yako inalandanisha picha na Google Photos au iCloud, kufuta picha ndani ya programu hizo huifuta pia kwenye seva na kwenye vifaa vingine vyote vya akaunti hiyo. Kwenye Google Photos lipo chaguo tofauti la kuondoa nafasi ya kifaa, ambalo hufuta nakala ya simu tu na kuacha ya seva. Kwenye iPhone yenye picha za iCloud, kufuta ni kufuta kila mahali. Amua unachokitaka kabla ya kubonyeza. Picha zilizofutwa hukaa kwanza kwenye tupio, siku 30 kwa iPhone, na kwa Google Photos siku 60 ikiwa zilikuwa zimehifadhiwa kwenye seva, au 30 zisipokuwa, na nafasi ya simu hairudi mpaka tupio limwagwe. Usilimwage siku hiyohiyo. Chomeka flashi mara moja zaidi kabla siku hizo hazijaisha, fungua faili chache ambazo hukuzifungua mara ya kwanza, na zikifunguka zote, limwage.